Kufunguliwa kwa Tenga la Jilala

Jongeeni, enyi watu wa Shinyanga na viunga vyake, mliokuja kununua na mliokuja kuuliza bei tu mrudi makwenu. Tueni vikapu vyenu, wafungeni punda wenu mbali na chumvi yangu, mnisikilize. Vita vya Mdachi na Mwingereza vina wenyewe wa kuvisimulia, na wamevisimulia hata vimekwisha ladha. Wafalme wana waandishi wao, na majemadari wana sanamu zao. Lakini lile tendo lililotendwa ndani ya soko hili, mwezi wa Machi, katika masika yaliyozamisha njia zote za mbuga, tendo ambalo kwalo nyanya ziliondoka Shinyanga zikiwa nyanya na kufika Geita zikiwa nyanya, hilo halina mwandishi, wala sanamu, wala hata mtu wa kuliapia. Nimeona haya lipotee hivi hivi, hali mimi ni hai na ulimi wangu u hai.

Mimi ni muuza chumvi. Chumvi ya Uvinza haiozi wala haipasuki, haina masika wala kiangazi. Muuzaji wake hana la kuhangaikia, na kwa hiyo huyaona ya wenzake yote. Namwomba Mola anipe pumzi ya kufika mwisho, na anipunguzie kelele za wauza samaki wakavu walio nyuma yangu, ambao tangu alfajiri wanagombania kivuli. Nikiongeza neno, nitaongeza kidogo. Nikipunguza, itakuwa kwa kuwastahi wenye nyanya, ingawa hawastahili.

Basi fahamuni kwanza tabia ya nyanya, maana asiyeijua hawezi kuvielewa vita hivi. Nyanya haina utu. Mwezi wa Julai, mabonde yakiwa yamelimwa na visima vya bustani vingali na maji, nyanya huja sokoni kwa makundi, imara na zenye kung'aa, tenga zima kwa bei ya kuku, na muuzaji hukuongezea nyingine mkononi huku akiuliza hali ya watoto. Watu huzipita bila kugeuka. Lakini yakiingia masika, mvua ikaipiga ile ardhi nyeusi hata punda akazama magotini, nyanya hupasuka ingali mtini, huingia doa, huoza upande mmoja huku upande wa pili ikitabasamu; na zile chache zinazosalia hupanda mpaka bei ya mbuzi jike mwenye mimba. Yule muuzaji wa Julai aliyekuwa ndugu yako, mwezi wa Machi hakujui. Ukimsalimu hutazama mawingu.

Na fahamuni pili sheria ya soko letu, sheria iliyotungwa na wauzaji, ikathibitishwa na wauzaji, ikalindwa na karani wa soko ambaye chakula chake cha jioni kilitoka kwa wauzaji. Sheria yasema: tenga halifunguliwi. Tenga huja kinywa chake kimeshonewa kipande cha gunia kwa uzi wa katani. Mwenye tenga hufunua pembe moja ya lile gunia, upana wa kiganja, nawe huinama ukachungulia kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Na ukishakata uzi umenunua, ziwe ni nyanya au yawe ni matope. Mnunuzi wa fungu moja haikumdhuru sana. Lakini mnunuzi wa jumla, apelekaye mzigo safari ya siku mbili juu ya lori, huyo alikuwa akinunua siri ya mtu na kwenda kuifungulia ugenini.

Mnunuzi wa namna hiyo kwetu alikuwa mmoja, naye ndiye shujaa wa habari hii: Bi Tabu binti Akida, mjane wa fundi wa reli, mwenye buibui jeusi tititi na makubazi ya ngozi yasiyovuliwa hata penye tope, mpeleka nyanya na vitunguu katika kambi ya dhahabu huko Geita. Ukimwuliza asili yake alikujibu kabla hujamaliza kuuliza: Mshirazi. Babu zake, alisema, walitoka Shirazi, mji ambao hakuwahi kutuonyesha uko upande gani, na damu yao ilikuwa laini mno kuchanganyika na vumbi la hapa. Wanawake wa soko walimwamkia kwa adabu na kumpisha mbele kisimani. Kwetu sisi, mtu akiidai Shirazi kwa sauti ya kutosha, hupewa.

Sasa huko Geita, ambako vumbi la dhahabu hupimwa kwa mizani isiyokosea punje, na mchimbaji akitoka shimoni hupekuliwa mpaka chini ya ulimi, hakuwako mtu wa kupekua nyanya. Alikuwako mpishi mkuu wa Wazungu wa kambi, Maige, mtu mzito wa kusema na mwepesi wa kutupa. Alipolifungua jikoni tenga la kwanza la masika, harufu ilifika mezani kwa Wazungu kabla ya chakula. La pili lilipofika lilikuwa mchuzi kabla ya kuona chungu. Ndipo alipompa Fikirini, dereva wa lori, ujumbe wa kuleta Shinyanga, naye Fikirini akautoa hadharani, kwa kuwa hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Maige anasema hivi, Bi Tabu. La tatu likija namna hii, usilete la nne. Kazi atampa Bi Zuwena."

Msidhani lilikuwa neno dogo. Kazi ile ndiyo iliyokuwa kodi ya chumba chake na mafuta ya taa yake. Ingekatika, angebakiwa na njia moja tu, nayo ni njia ya treni, kwenda Tabora kwa kaka yake mkubwa, yule ambaye siku ya msiba wa shemeji yake alimwambia mjane mbele ya waombolezaji, "Utarudi tu." Bi Tabu aliapa kwamba ni heri ale udongo kuliko kula mkate wa masimango katika nyumba ile. Nilimsikia akiapa, kwani aliapa hapa mbele ya chumvi yangu. Nilimhurumia sana, ingawa nilimuuzia chumvi kwa bei ile ile.

Na hasimu wake alikuwa nani? Alikuwa Jilala mwana wa Maduhu, wa Samuye, bwana wa matenga, mshona magunia, mtu aliyepata mbegu kwa mapadri wa Ushirombo na hila kwa nafsi yake mwenyewe. Masika yale bustani zote zilikufa maji isipokuwa ya kwake, iliyokaa mwinukoni, naye alilijua hilo na kutembea kama anayelijua. Katika tenga la kwanza alipanga nyanya nzuri juu na mbovu chini. Juma la pili Bi Tabu akataka kuchungulia kwa chini, na Jilala, kwa ukarimu uliopaswa kututia shaka sote, akalipindua tenga, akatoboa upenyo kitakoni, na nyanya za kitakoni ziling'aa kuliko hata za kinywani. Bi Tabu akalipa akijiona mshindi. Kumbe uozo ulikuwa umehamia tumboni, katikati kabisa, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Ikapambazuka Jumamosi ya tatu, siku ya lori. Mvua ilikuwa imeacha alfajiri, na soko lilikuwa na vitunguu vilivyoota, na mchicha uliokwisha kulala, na malimau ya Tabora yaliyosafiri kwa treni yakapoteza rangi. Nyanya hapakuwa na hata moja, mpaka walipotokea punda wa Jilala wakiwa na matenga matatu, na nyuma yao Jilala mwenyewe, akipiga mbinja. Lori la Fikirini lilikuwa limeegeshwa kando ya soko, likinguruma. Na upande wa pili wa njia, akiwa amesimama na kapu tupu, mtulivu, mwenye subira ya paka mlangoni pa bucha, alikuwa Bi Zuwena, mchuuzi aliyeitamani kazi ile.

Jilala akatua mizigo, akapangusa mikono, akasalimu kwa adabu ya Kisukuma, akimwita mama, maana adabu haikuwahi kumpungukia.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba," akajibu Bi Tabu. "Matenga haya umeyapanga vipi leo?"

"Nimeyapanga kama nyanya zinavyotaka, mayu. Juu ni juu, na chini ni chini."

"Na katikati?"

"Katikati nako ni katikati."

Hapo Bi Tabu mwenye makubazi akajitengeneza buibui lake, akasimama wima mbele ya matenga, akanena kwa sauti iliyofika hata kwa wauza samaki.

"Jilala, mwana wa Maduhu, nisikilize, na soko lisikilize. Mara mbili nimekupa bei ya mbuzi, na mara mbili nimewapelekea watu uozo kwa jina langu. Sikukudai unirudishie. Sikukusema kwa watu. Leo sitaki punguzo wala nyongeza. Nataka ukate uzi, umwage nyanya juu ya mkeka huu, tuchague pamoja, nzima upande huu na mbovu upande ule. Kwa tenga moja lililojaa nyanya nzima tupu nitakulipa bei yako yote, na dua juu yake. Nimesema kama mtu anayeomba, na mimi si mzoefu wa kuomba."

Maneno hayo yalinigusa, nikayapima kuwa mazuri. Jilala naye aliyapima, akaona hayana uzito wa kuvunja sheria.

"Mayu, umesema vizuri, wabeja, nashukuru. Maneno yangekuwa nyanya, leo bei ingeshuka. Lakini tenga halifunguliwi. Hapa nikifungua moja, kesho wote watataka kuona, na mtu akiona kila kitu atanunua nini? Sisi wakulima tunalima gizani, mbegu inaoza chini hatuioni, mvua inapiga usiku hatuioni. Na ninyi wa mjini mjue kidogo kutokuona."

Karani wa soko, Hatibu, mlinzi wa sheria, akafika wakati huo akiwa na fimbo yake ya kazi, na mfuko wa kaptula yake umetuna kwa namna ambayo nyanya mbili tu hutunisha.

"Tenga halifunguliwi," akasema Hatibu. "Atakayekata uzi amenunua yote matatu."

Ndipo Bi Zuwena alipovuka njia, taratibu, akichagua pa kukanyaga.

"Dada yangu, kama huchukui, sogea kidogo," akasema. "Mimi sina haja ya kuona matumbo ya matenga. Mimi na Maige tunajuana, hatutafutani makosa."

Lori likapiga honi. Fikirini akatoa kichwa dirishani, akasema kwamba hatamngoja mtu, wala nyanya, wala Mzungu. Bi Tabu akatazama matenga, akatazama lori, akatazama reli inayokwenda Tabora. Nami nikasema moyoni, yamekwisha. Na yangekwisha kweli, laiti Jilala angekuwa mtu wa kushinda na kunyamaza. Lakini aliupenda mno ushindi wake, akataka kuutia na hadithi.

"Huyu mnayemwona," akasema, akijipiga kifua mbele ya watu, "ni mjukuu wa mpagazi. Babu yangu alibeba pembe za ndovu toka huku mpaka Bagamoyo. Na akifika Uzaramo, mayu, hakuwa mtu wa kuomba. Anaingia nyumba anayoitaka, anafunua chungu anachokitaka, anakula, halafu anamwambia mwenye chungu, 'Mtumwa wangu, leo chumvi haikukolea.' Na mwenye chungu anacheka, maana Msukuma na Mzaramo ni watani, na mtani hakasiriki. Wale ndio watu waliojua kufunua. Ninyi wa Shirazi kazi yenu kuchungulia."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Lakini Bi Tabu hakucheka. Aliinamisha uso kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti ya zamani.

Hapa, enyi wasikilizaji, ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa, na havikupiganwa sokoni bali ndani ya buibui moja. Upande huu ilisimama Shirazi na majeshi yake: wanawake wanaopisha kisimani, kiti kinachotolewa harusini, miaka yote ya kulilinda neno lile moja lisipate ufa. Upande ule ilisimama nyumba ya Tabora, na kaka mkubwa kibarazani, akisema "Si nilikwambia." Na katikati yao, peke yake, bila jeshi, alisimama kikongwe mmoja wa Kisarawe aliyekuwa na vyungu, ambaye mjukuu wake alikuwa hajalitaja jina lake tangu ashuke kwenye treni. Nilikuwa nikiyatazama mapambano hayo usoni pake, wala sikujua wakati ule nilikuwa nikitazama nini. Niliona tu jasho.

Akainua uso, akauliza polepole.

"Jilala. Kile chungu alichofunua babu yako kilikuwa cha nani?"

"Cha Mzaramo, mayu. Nimesema."

"Kilikuwa cha bibi yangu."

Wauza samaki wakaacha kugombana.

"Mimi ni Tabu binti Akida bin Kondo," akasema, na kila jina alilitamka kama anayelitoa mwiba. "Ni Mzaramo wa Kisarawe, baba na mama. Baba yangu alikuja huku bara na mzigo wa nguo kichwani, hakuja na kitabu cha nasaba. Shirazi siijui, sijaiona, na anayeijua anieleze. Bibi yangu alipika, na watu wenu wakaja, wakafunua, wakala, wakamwita mtumwa, naye akacheka. Alicheka maisha yake yote. Leo mjukuu wake amekuja kula. Mtumwa wangu, nipe kisu chako."

Bi Zuwena akasema, "Nilijua," kwa utamu wa mtu aliyelitunza neno hilo kinywani kwa miaka.

"Ulijua, na sasa umesikia," akajibu Bi Tabu. "Sogea, unanizibia mwanga."

Basi macho yote yakamgeukia Hatibu. Na Hatibu, ambaye kazini kwake hakuwahi kukutana na jambo zito kuliko mbuzi aliyekula ushuru wa siku, akatia fimbo kwapani, akakohoa, akatoa hukumu ambayo ingefaa kuchongwa penye jiwe, kama tungekuwa na jiwe lisilotumiwa kusagia.

"Sheria ya soko inasema mnunuzi hafungui tenga. Lakini huyu sasa si mnunuzi, huyu ni mtani, na mambo ya utani yalikuwako kabla ya soko, na kabla ya Serikali, na kabla ya Mdachi. Mimi nimeajiriwa kukusanya ushuru. Kuingia kati ya watani, mshahara wangu hautoshi."

Jilala akacheka. Alicheka kwa sababu desturi ilimwamuru acheke. Kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe. Akachomoa kisu kiunoni, akakitoa kwa mpini.

Bi Tabu akapiga goti penye mkeka. Akakata uzi wa tenga la kwanza, uzi wa katani ambao tangu soko lijengwe haukuwahi kukatwa na mnunuzi asiyelipa, na ulipokatika ulitoa sauti ndogo, nasi sote tuliisikia. Akalishika tenga kwa masikio yote mawili, akalipindua. Zikatoka kwanza nyanya za mbele, zile zilizochaguliwa kwa sura, nyekundu, ngumu, walinzi wa lango. Kisha likatoka jeshi lenyewe: zenye madoa, zilizopasuka, zilizojaa maji, zilizokwisha kuota ukungu mweupe wa heshima, na harufu yao ikatangulia ikatukamata sote puani. Mwisho zikatoka za kitakoni, nzuri tena, zikilinda mlango wa nyuma. Watu wakapiga vigelegele vya kejeli. Akakata la pili, likawa kama la kwanza.

Akakata la tatu, na katika tumbo la tenga la tatu, likiwa limezungukwa na nyasi kavu, limetulia, la njano, kubwa kuliko kichwa cha karani, lilikaa boga.

Boga likaviringika polepole mpaka pembeni mwa mkeka, likasimama miguuni pa Jilala, kana kwamba limemtambua.

"Hilo," akasema Jilala, "lilipotea nyumbani tangu juzi."

Nawaambieni, nimeishi sokoni hapa tangu reli ilipofika, na nimesikia vicheko vya harusi na vya misiba, lakini kicheko cha siku ile kiliwaamsha hata walevi nyuma ya machinjio. Walicheka wanawake wa mchicha, walicheka wauza samaki, na mwisho Jilala mwenyewe akacheka, safari hii kweli kweli, mpaka akakaa chini juu ya tope. Bi Tabu hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa akichagua. Wale wanawake waliozoea kumpisha kisimani walisimama wakimtazama kwanza, hawajui wamwamkieje sasa. Kisha mmoja akachutama kando yake, na mwingine, wakawa wanachagua pamoja, nzima huku na mbovu kule, mikono yote myekundu. Kutoka katika matenga matatu ya bei ya mbuzi wakapata tenga moja tu lililojaa nyanya nzima. Akalipanga mwenyewe, nyasi na nyanya, nyasi na nyanya, vikonyo chini.

Kisha akafanya jambo ambalo desturi haikumlazimu kulifanya. Akafungua pindo la kanga yake, akamlipa Jilala bei kamili ya tenga moja, mkononi.

"Mtani huchukua kwa mzaha," akamwambia. "Mimi sili mzaha, na Jumamosi ijayo nitakuhitaji. Boga nalichukua bure."

"Lichukue, mtumwa wangu," akasema Jilala, akiinuka kutoka topeni. Halafu macho yake yakashuka mpaka chini, yakatua. "Na mimi makubazi yako nimeyapenda."

Hapo soko likasogea karibu, kwani utani hauna mlango wa kuingilia tu, una na wa kutokea. Bi Tabu akayatazama makubazi yale, ambayo yalikuja naye kutoka pwani, na ambayo hata katika tope la kumzika mumewe hakuyavua. Nilidhani atakasirika, na kama angekasirika, utani ungevunjika, na angedaiwa matenga yote matatu. Akayavua. Kwanza la kulia, kisha la kushoto, akampa. Jilala akayavaa, visigino vikiwa nje, akatembea nayo mbele ya watu akiwa amebana kiuno. Na Bi Tabu binti Akida bin Kondo akashusha nyayo zake juu ya tope jeusi la Shinyanga, likapanda katikati ya vidole vyake sawasawa na linavyopanda kwenye vyetu. Alilibeba tenga yeye na Fikirini, wakalipandisha lorini, akalifunga kamba mwenyewe, wala hakumwachia mtu mwingine fundo hata moja.

Lori likaenda. Sasa nisiwafiche: siku zile za kungoja hakula vizuri. Alikuja kukaa hapa kwenye gunia langu, bila makubazi, akaniuliza kama njia ya Ushirombo ina mashimo mengi. Nilimwambia haina. Nilimdanganya, na sijuti.

Lori liliporudi, Fikirini hakuingia ndani ya soko. Alisimama juu ya ngazi ya lori lake, uso umejaa vumbi la Geita, akasubiri mpaka watu wakajaa, kwani hata madereva wana fahari zao.

"Bi Tabu," akaita. "Maige alifungua, akatazama juu. Akaingiza mkono mpaka chini. Akamwaga zote mezani, akazigeuza moja moja. Halafu akasema: zimefika nyanya. Alete matenga mengine mawili."

Bi Tabu alifunika uso kwa kanga, akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Andikeni basi, enyi mnaoandika. Katika mwaka ambao mataifa yalikuwa yakipimana nguvu, na bei ya pamba ikishuka, na dhahabu ikitoka ardhini kwa tani za udongo na maisha ya watu, katika mwaka huo huo tenga moja la nyanya lilisafiri siku mbili katika masika likafika zima. Andikeni na haya pia, maana historia isiyouma si historia. Sheria ya soko haikufutwa. Tenga bado halifunguliwi, na sisi wengine tunachungulia hadi leo. Lakini kabla ya mwezi kuisha, Washirazi wanne wa mji huu waligundua kwamba bibi zao walitoka Uzaramo, na Bi Zuwena, ambaye nilimjua miaka yote kuwa Mmanyema mwenye fahari, akaanza kuulizauliza Kisarawe iko upande gani. Jilala alikwenda kwa Hatibu kulalamika kwamba Wazaramo wamezidi, na Hatibu akamwambia kuwa hilo halina ushuru.

Kisimani hawampishi tena Bi Tabu. Hungoja zamu yake kama watu. Kila Msukuma apitaye hujichukulia limau kapuni mwake, akamwita mtumwa, naye hucheka, mara nyingine kwa kupenda na mara nyingine kwa sababu ndiyo desturi. Na Jumamosi, kungali na ukungu, Jilala mwana wa Maduhu hufika na punda wake, akatua matenga mbele ya mkeka wa mjane.

"Shikamoo, mtumwa wangu."

"Marahaba, mtumwa wangu," husema Bi Tabu. "Mwaga."

Naye humwaga.